Swali la Tatu

Katika uchaguzi wa kwanza wa komini, serikali ya mtaa wetu, mimi sikuwa na kura. Kura ilikuwa ya wanaume waliotimiza miaka ishirini na mitano, na mimi nilikuwa na ishirini na miwili. Mama yangu, aliyewajua watu wa mtaa wetu kuliko ofisi yoyote, naye hakuwa nayo. Nililisema jambo hilo kila mahali, chuoni na nyumbani, mpaka baba akaniambia niende nikaliseme huko walikotunga sheria, nimwache yeye ale.

Kura sikuwa nayo, lakini nilikuwa na mashine. Ilikuwa mashine ya kunakili, ya kuzungusha kwa mkono, katika chumba kidogo nyuma ya ukumbi wa parokia. Kila Jumamosi sisi vijana wanne tulitoa karatasi ya mtaa: kurasa mbili, mbele na nyuma. Nani amezaa, nani amefiwa, timu gani imefungwa, baiskeli ya nani imepotea sokoni. Watu waliipenda kwa sababu waliyaona majina yao. Mimi niliyadharau mambo hayo. Nilikuwa mmoja wa Waafrika wachache katika chuo kikuu kilichokuwa kimefunguliwa juzijuzi mjini, na kitu kimoja nilichokuwa nimekishika kwa mikono miwili ni kwamba neno lolote lazima liulizwe: nani kasema, ameonaje, kuna ushahidi gani. Basi nikaanzisha safu ya maswali. Maswali matatu kila juma, bila majibu. Juma moja niliuliza kwa nini taa za barabarani ziliishia pale mji wa wazungu ulipoishia. Padri aliyesoma karatasi zetu kabla hazijachapwa alilifuta kwa wino mwekundu, nami nikatembea juma zima kama mtu aliyepewa nishani.

Kwa upande wetu wa komini, mtu aliyetajwa zaidi kuwa mshauri katika baraza lake alikuwa seremala mmoja, jirani yetu wa nyumba ya nne. Alitoka katika familia ya wenyeji, watu waliolima mahali hapa kabla ya reli kumleta baba yangu kutoka kaskazini. Alitengeneza milango, vitanda na majeneza. Nilipomwendea karakanani kumhoji, aliendelea kupiga randa.

"Ukichaguliwa utafanya nini, baba?"

"Robine ya pili."

"Na kingine?"

"Hiyo kwanza. Uliza mama yako anaamkaka saa ngapi."

Mama aliamka saa kumi za alfajiri. Bomba, robine kama tulivyoliita, lilikuwa moja kwa barabara zetu tatu, na wanawake walipanga ndoo zao gizani, kila ndoo na jiwe lake ndani ili isihamishwe. Seremala ndiye aliyekuwa ameamua ugomvi wa foleni ile kwa miaka mingi, bila cheo. Lakini mimi nilitaka asikie maneno kama haki na uhuru, na yeye alinipa bomba. Niliandika mistari miwili juu yake nikaenda zangu, nikiwaza kwamba mtu wa namna hii atakaa barazani na kuitikia kila anachoambiwa na wazungu.

Wiki mbili kabla ya kura, shangazi yake alifariki. Tulikwenda kilioni mchana, mama na mimi. Lazima nieleze hapa jambo ambalo kila mtu wa kwetu analijua, na ambalo mimi nililijua tangu utotoni. Sitaki mtu afikiri nilikosea kwa kutojua. Seremala alikuwa wa ukoo wa Mbuzi. Na Mbuzi wana watani wao, watu wa ukoo wa Chui. Msiba ukiingia kwa Mbuzi, Chui ndio wanaochimba kaburi, wanaopika, wanaobeba maiti, na wanaotukana. Wanamtukana marehemu, wanawatukana wafiwa, wanavaa nguo zao na kuwaigiza, mpaka watu waliokuwa wanalia wanashika mbavu. Mfiwa haruhusiwi kukasirika. Haruhusiwi hata kusema "si kweli". Maneno ya mtani hayana jibu, isipokuwa tusi lingine.

Mtani mkubwa wa seremala alikuwa fundi cherehani mnene, mwenye kibanda karibu na soko. Siku ile alichukua koti la seremala lililokuwa limetundikwa mlangoni, akalivaa, akatembea uani kwa hatua za kunyata huku pua iko juu.

"Muone mukubwa yenu ya komini," akasema. "Munamuonaka anatembea polepole, munasema ni muntu ya amani. Lakini akisikia harufu ya lutuku kwa mama fulani, mbio ku biro ya polisi." Akainama kwenye sikio la mtu mmoja aliyekaa, akamfanya mzungu. "Patron, ile nyumba ya bati mupya. Na ile ingine nyuma yake. Mapipa mbili, patron."

Watu wakacheka. Wanawake waliopika lutuku, ile pombe kali iliyokatazwa, walicheka kuliko wote. Seremala alijifuta machozi, na sikuweza kujua yapi yalikuwa ya shangazi na yapi ya kicheko.

"Chui ya kukosa meno," akajibu. "Vua koti yangu. Tumbo yako itapasula vifungo."

"Nitavua siku utakufa. Njo nitakuzika nayo."

Mimi nilikaa na daftari mfukoni, nikijiuliza. Kila mzaha una mahali ulikotoka, nikawaza. Kwa nini huyu kachagua lutuku, asichague kitu kingine? Polisi walikuwa wameingia katika nyumba mbili mwezi uliotangulia, nani aliwaonyesha? Na kwa nini mtu anayetaka kutuongoza alindwe na desturi isiyomruhusu mtu kuuliza? Nilijiona niko peke yangu katika ua ule niliyekuwa macho.

Jumamosi nikapiga chapa maswali yangu. La kwanza lilihusu taka za soko. La pili, umri wa kupiga kura. La tatu lilikuwa hili: "Inasemekana mtaani kwamba mmoja wa wanaotaka kura zetu, fundi wa mbao, huwapelekea polisi habari za wanaopika pombe. Je, ni kweli? Tunangoja jibu lake." Padri alisoma. Lilikuwa halimgusi mzungu yeyote. Hakulifuta.

Jumanne polisi wakaingia katika barabara yetu, wakavunja mapipa ya mwanamke mmoja mjane na kumchukua. Sikuwahi kupata sababu yoyote ya kuamini kwamba seremala alihusika. Lakini karatasi ilikuwa tayari iko katika kila nyumba, na aliyejua kusoma aliwasomea wengine. Jumatano asubuhi mama alirudi na ndoo yake, akaitua mbele yangu.

"Leo ku robine hakuna mwenye alimuitika seremala salamu," akasema. "Ni nini uliandika?"

"Niliuliza swali tu, mama."

"Ulikuwa ku kilio. Ulicheka?"

Nilisema sikucheka.

"Njo maana," akasema, akainua ndoo yake.

Nikaenda karakanani jioni hiyo, kabla jua halijatua. Seremala alikuwa anaunga mguu wa meza. Nilikuwa nimejitayarisha vizuri. Nilimwambia kwamba gazeti haliko upande wa mtu. Kwamba aseme sentensi moja tu, "si kweli", nami nitaichapa Jumamosi, kwa herufi kubwa, siku moja kabla ya kura. Ningetenda haki namna gani zaidi?

Aliupaka ule mguu gundi.

"Yale maneno nani alisema?" akauliza.

"Mtani wako."

"Sasa unataka niseme mutani yangu ni mwongo."

"Si mwongo, baba. Ulikuwa mzaha. Sema ulikuwa mzaha."

"Mzaha wanaelezaka?" Akaugonga ule mguu wa meza ukaingia. "Nikimukana leo, kesho kilio ikiingia hapa, nani atachimba? Wewe?"

Ningeweza kukoma pale. Ningeweza kwenda chumba cha mashine na kuandika kwa mkono wangu mwenyewe: maneno yale yalikuwa ya utani, yalisemwa kilioni, mwandishi aliyasikia na aliyajua. Hilo halikumhitaji mtu yeyote isipokuwa mimi. Sikufanya. Nilirudi nyumbani nikiwa nimekasirika, nikimlaumu yeye kwa kuacha desturi imfunge mdomo, kana kwamba si mimi niliyemtia katika kifungo.

Ijumaa fundi cherehani alinifuata mpaka kwenye geti la chuo, akiendesha baiskeli iliyokuwa ikilia chini yake. Alikuwa anatoka jasho.

"Mutoto ya masomo," akasema, "andika jina yangu. Andika: ni miye njo nilisema, ku kilio, na koti yake ku mwili. Kila muntu atasikia."

"Wanaweza kufikiri mmepatana, mzee. Wewe ni rafiki yake."

"Rafiki? Miye ni mutani yake. Nilimutukana mbele ya maiti ya shangazi yake. Rafiki anafanyaka vile?"

Wenzangu wa chuo walikuwa wanapita na kututazama. Nikamwambia nitafikiri. Nilifikiri, na nikafikia uamuzi ambao nauandika hapa jinsi ulivyokuwa: kwamba mtu wa tatu hawezi kujibu swali aliloulizwa mwingine. Uliniridhisha usiku mzima. Jumamosi karatasi ilitoka na habari ya mechi, ubatizo mmoja, na orodha ya mahali pa kupigia kura.

Jumapili mvua ilinyesha tangu asubuhi. Wanaume walipanga foleni nje ya shule, wamejifunika magunia kichwani, na mimi nilisimama ng'ambo ya barabara na daftari langu likiloana. Seremala alifika amevaa koti lile. Aliyekuwa mbele yake hakugeuka, na aliyekuja nyuma yake aliacha nafasi ya mtu mmoja. Nafasi ile ilisogea pamoja naye hatua kwa hatua mpaka mlangoni. Matokeo yaliposomwa, kura zake zilikuwa chache kiasi kwamba msomaji alirudia, akidhani amekosea. Aliyeshinda kwa upande wetu aliishi karibu na sinema, na alikuwa mtu mwema kwa kadiri nijuavyo. Bomba jipya lilichimbwa huko kwake, kabla ya msimu wa mvua uliofuata.

Sikuacha kuuliza maswali. Sijui kuishi namna nyingine. Ila sasa naona kwamba kulikuwa na moja sikujiuliza: neno hili limesemwa wapi, na likitolewa hapo litakuwa neno gani. Wenzangu chuoni wangeniambia hilo ni jambo rahisi. Mama hakusoma hata darasa moja, naye aliliuliza asubuhi ile akiwa bado hajakaa chini.

Mwaka jana mama wa fundi cherehani alifariki. Sasa zamu ilikuwa ya Mbuzi kuwazika Chui. Nilipofika na mama mchana, jeneza lilikuwa limekwisha kutengenezwa, zuri, la mbao zilizopigwa randa vizuri kuliko lazima. Seremala alikuwa amechimba tangu asubuhi na udongo ulikuwa bado magotini mwake. Kazi zote za mtani alizifanya. Isipokuwa alikaa kimya. Na Mbuzi wengine wote, vijana na wazee, walipika na kubeba kuni wakiwa kimya vilevile, na ua ule ulikuwa na kilio kitupu, kisicho na mapumziko, kiasi kwamba watoto walianza kuogopa.

Fundi cherehani alikuwa amekonda. Alikaa karibu na jeneza, akamwangalia seremala kwa muda.

"Mbuzi," akasema. "Miye niko nakufa na machozi hapa. Tukana mama yangu kidogo."

Seremala alifungua mdomo. Kisha macho yake yakazunguka uani, yakanipata pale nilipokaa kwenye benchi, yakashuka mpaka mfuko wa shati langu. Hapakuwa na daftari siku hiyo, palikuwa na leso tu. Akaufunga mdomo wake.

Mama akanigusa bega. Hakuwa na hasira. Aliniwekea ndoo mapajani.

"Enda kutafuta maji," akasema.

Nikainuka, nikatoka. Kwenye bomba foleni ilikuwa ndefu kama zamani. Mwanamke mmoja aliniona na ndoo, akawauliza wenzake kama chuo kikuu sasa kinafundisha kuchota. Nikaweka ndoo yangu nyuma ya nyingine zote, nikatafuta jiwe, nikalitia ndani. Nilikuwa bado nimeinama niliposikia, kutoka ng'ambo ya ukuta wa fundi cherehani, sauti ya seremala ikianza kusema jambo ambalo maneno yake sikuweza kuyashika. Halafu watu wakacheka, ua mzima kwa pamoja, na kicheko kikaendelea.

Nilikaa pale mpaka zamu yangu ikafika. Ilipofika, nikamwachia aliyekuwa nyuma yangu, ili nichelewe kurudi.