Vifuniko Vyekundu vya Bonde la Kettle

Mara ya kwanza Clete Rauch kwenda kwa Verda Klinefelter, alikwenda akijua anakwenda kwa mjane. Mume wa Verda alikuwa na wiki tatu kaburini, na Clete, ambaye kazi yake ilikuwa kununua mashine za shamba zilizochoka na kuziuza zikiwa zimepakwa rangi, alijua wiki ya tatu ndiyo yenyewe: waombolezaji wametawanyika, ankara zimeanza kuingia. Alitaka mashine ya kuvuna mahindi iliyokuwa bandani.

Verda alimwacha asimame uani mpaka alipomaliza kumenya matufaha. Kisha akampeleka bandani, akamtajia bei, akaiwasha mashine, ikanguruma mara moja tu, akaizima. Akampa tochi.

"Angalia chini ya giaboksi, kushoto. Ina ufa."

Clete akainama. Ufa ulikuwepo, mwembamba kama unywele. Peke yake asingeuona.

"Basi tuongee vizuri kwenye bei, mama."

"Mimi si mama yako. Na bei niliyokutajia ni ya mashine yenye ufa. Isiyo na ufa ningekutajia nyingine."

Alilipa. Njia nzima alijiambia kwamba amepigwa, ila kila alipotafuta ni wapi, hakupaona. Kuanzia hapo alikuwa na kipimo kimoja cha Verda: hadanganyi, na hapunguzi.

Miaka kumi na moja baadaye wote wawili walikuwa katika kikosi cha zimamoto cha Bonde la Kettle. Hapo Pennsylvania, Marekani, kwenye mabonde kama lile, hakuna anayelipwa kuzima moto. King'ora kikilia, fundi anaacha gari juu ya jeki, mkamuaji anaacha ng'ombe, wanakwenda. Verda aliendesha gari la wagonjwa. Alikuwa na miaka sitini na mbili, mikono mikubwa, na katika chumba cha chini ya nyumba yake alikuwa na benchi ambapo alijaza maganda ya risasi baruti kwa mkono. Msimu wa kulungu ulipokaribia, nusu ya wawindaji wa bonde walipiga hodi kwake. Clete alikuwa mwenyekiti wa kikosi, kwa sababu yeye tu ndiye aliyeweza kupata pampu kwa nusu ya bei. Sababu yake mwenyewe hakuificha: ua wake ulijaa matairi na dizeli, na kikosi cha jirani kilikuwa mwendo wa dakika ishirini na tano.

Novemba nyumba ya akina Stahl iliwaka. Duane Wertz aliingia jikoni na mpira wa maji. Nyuma ya mlango ilining'inia bunduki ya marisau, imejazwa, kama zinavyoning'inia katika nyumba nyingi za pale. Joto likaifyatua, ikampiga pajani. Verda ndiye aliyempeleka Duane hospitali. Alipona, akabaki na fimbo. Wiki iliyofuata wanaume wanane kati ya ishirini na wawili walitundika makoti yao wakasema hawaingii tena ndani ya nyumba ya mtu bila kujua kilichomo. Na kikosi kisichoingia ndani, Clete alisema, ni kikosi cha kumwagilia majivu.

Mkuu wa kikosi, aliyetoa amri kwenye moto, Harlan Boyer, fundi wa mabasi ya shule, akapata wazo. Alichapa fomu ya ukurasa mmoja: bunduki ngapi, ziko chumba gani, baruti kiasi gani. Akaitia katika kila sanduku la barua la bonde. Hakumuuliza mtu, na hilo lilikuwa kosa lake.

Jumapili baada ya ibada ukumbi wa zimamoto ulijaa. Kulikuwa na supu ya kuku na mahindi, kwa sababu hakuna mkutano bila supu, lakini watu walikula bila kukaa.

"Nataka kujua tu," Verda alisema akiwa amesimama karibu na sufuria. "Leo orodha iko kwenye kabati la Harlan. Harlan akifa, iko kwenye kabati la nani?"

"Harlan hafi," mmoja akadakia. "Mkewe hajampa ruhusa."

Walicheka, Harlan hakucheka. "Verda, ni kwa ajili ya zimamoto tu."

"Kila orodha ilianza kwa ajili ya kitu fulani tu. Bunduki yangu ni haki yangu, na haki ukishaiandikia fomu inageuka kibali."

Lenora Fisk, mwalimu, ambaye hakuwa na bunduki wala hakutaka kuwa nayo, akasema yeye haoni kwa nini watu wazima wanatundika silaha iliyojazwa jikoni halafu wanashangaa. Angekuwa na uwezo, angeweka sheria leo hii.

"Lenora," mzee mmoja akamjibu, "kwako wewe kitu cha hatari jikoni ni mapishi."

"Na leo umerudia bakuli la supu yangu mara mbili, Ammon. Nimehesabu."

Duane Wertz akainuka taratibu na fimbo yake.

"Nina marisau kumi na moja pajani, Verda. Hayo nayo yasiandikwe?"

"Najua idadi. Nilikubeba mimi."

"Basi andika."

"Siandiki."

Fomu zilizorudi zilikuwa sita. Moja ilichorwa picha ambayo Harlan hakumwonyesha mkewe.

Jumanne Clete alikwenda kwa Verda. Hakwenda kumbadilisha mawazo. Hiyo ni kazi ya wachungaji, na haina faida. Alikwenda kujua ni kitu gani hasa Verda hauzi.

"Karatasi," Verda alisema. "Na hesabu. Na majina."

"Na mahali?"

"Mahali vipi?"

"Mimi sitaki kujua una ngapi. Uwe nayo moja, uwe na mia. Nataka Duane ajue asisimame wapi. Pigilia kifuniko cha kopo la rangi, chekundu, kwenye ukuta wa nje, upande uliko baruti. Hakuna karatasi. Hakuna jina."

Verda alifikiri huku akifuta meza ambayo haikuwa chafu.

"Mwizi naye ana macho, Clete. Utakuwa umemwandikia yeye orodha kubwa kuliko ya Harlan."

Hilo hakuwa amelipigia hesabu. Akangoja, maana alijua mtu akikupa tatizo kwa sauti ya namna ile, mfukoni ana jibu lake.

"Kila nyumba," Verda akasema. "Hata ya Lenora. Mwenye mtungi wa gesi, upande wa mtungi. Mwenye mafuta ya taa, upande wa mafuta. Kifuniko kinasema usisimame hapa, hakisemi kwa nini. Mwizi hatajua kitu."

"Na nani atawaambia watu? Harlan hawamfungulii tena."

"Nitapita mimi. Lakini zile fomu sita nizione zinaungua. Nizione, si niambiwe."

Harlan alizichoma kwenye pipa nyuma ya ukumbi mchana kweupe, Verda akasimama mpaka jivu likatulia. Kisha akatembea bonde zima, majira ya baridi yote, na nyundo na mfuko wa vifuniko. Lenora alipigilia chake upande wa mtungi wa gesi, akasema ni upumbavu lakini ni upumbavu wa bei nafuu. Kufikia Februari nyumba mia moja na arobaini zilikuwa na kifuniko. Kwenye zoezi la kwanza la Machi, watano kati ya wale wanane walirudi na makoti yao, Duane naye akiwatangulia, safari hii kwa kazi ya kuelekeza mipira ya maji, kwa kuwa mguu haukumruhusu zaidi.

Aprili nyumba ya Verda ikashika moto. Mashine ya kukaushia nguo, saa nne asubuhi. Yeye alikuwa barabarani na gari la wagonjwa, anarudi kutoka kumpeleka mzee wa figo hospitali. Clete alikuwa kwenye pampu, karibu na barabara. Kifuniko kilikuwa ukuta wa kaskazini, penye dirisha la chini, kwa hiyo Duane aliwapanga watu wote upande wa nyuma, nje ya jiko dogo la kiangazi, kile kibanda cha kupikia siku za joto kilichoungana na nyumba, na wakaingia na maji kutokea huko. Kazi ilikwenda vizuri. Moshi ulishaanza kuwa mweupe, na moshi mweupe ni habari njema. Clete alikisia dakika tano, kumi kwa wingi, na paa lingepona.

Gari la wagonjwa likasimama. Verda akashuka, akatazama nyumba, akatazama watu walikosimama. Alifika kwa Harlan bila kukimbia.

"Watoe nyuma."

"Kifuniko chako kiko kaskazini."

"Chini palijaa maji mwezi uliopita. Nikahamishia jiko la kiangazi. Baruti, fataki za risasi, kila kitu, kwenye sanduku la chuma lenye kufuli. Kifuniko sikukihamisha."

Harlan alimtazama. "Verda, tumebakiza kidogo."

"Naona mlichobakiza. Watoe."

Harlan akapuliza kipenga. Watu wakarudi mpaka barabarani wakiburuta mipira, na moto, uliokuwa umeshaanza kukubali kushindwa, ukabadili mawazo. Sanduku lililipuka dakika ishirini baadaye, mlango wake ukaruka ukajichimbia kwenye bustani. Pengine katika dakika hizo ishirini wangekuwa wameshazima kila kitu, na Verda angelala kitandani kwake. Pengine Duane angekuwa amesimama palepale mlango ule ulipopita. Clete alipiga hesabu hiyo mara nyingi, na kila mara ilimpa jibu tofauti. Nyumba iliteketea mpaka kwenye msingi.

Alichofanya Verda wiki ile ni kupita tena nyumba kwa nyumba, kuwaambia watu alichokosea. Nyumba kumi na tisa zilikutwa na kosa hilohilo.

Mwezi Mei akaja mtu wa bima, kijana mpole mwenye tai. Nyumba wangeilipa. Bunduki nazo wangezilipa, alisema, na baruti na mashine za kujazia risasi, ila lazima ziorodheshwe: aina, namba ya kila moja, mwaka wa kununuliwa. Akaacha fomu ya kurasa mbili kwenye meza ya nyumba ya magurudumu ambamo Verda alikuwa amehamia.

Clete aliikuta pale siku ya tatu, haijaguswa.

"Hizo ni bunduki zilizokwisha kuyeyuka," alimwambia. "Hakuna wa kuja kuzichukua. Unaandikia chuma chakavu, Verda. Ni pesa ya bure."

"Hakuna ya bure. Wewe unalijua hilo kuliko wote."

"Sema basi zilikuwa ngapi, nikuandikie mimi."

"Unataka kahawa au huitaki?"

Akanywa kahawa. Fomu ikarudi kwa kampuni ikiwa nyeupe, na Verda akalipwa nyumba peke yake, kwa kadirio la zamani, ambalo halikutosha kujenga nyingine. Mpaka leo anakaa kwenye nyumba ile ya magurudumu na anaendesha gari la wagonjwa. Benchi hana tena. Wawindaji hununua risasi dukani na kulalamikia bei. Lenora bado anataka sheria yake, na bado anabishana na Verda juu ya supu.

Clete, kwa upande wake, alipata watu watano, na kikosi kinachoingia ndani. Watatu hawakurudi. Katika biashara zote alizowahi kushuhudia, ile fomu nyeupe ndiyo mbaya kuliko zote, na amewaambia watu hivyo. Wao humsikiliza, kisha hufungua milango yao Verda anapopita kukagua vifuniko.