Mpira Uliogonga Mkungu

Habari ilinifikia asubuhi kabla sijanywa chai, kupitia kundi la simu la wacheza gofu wenzangu wa Kariakoo. Kundi hilo kwa kawaida limejaa utani, picha za mtu aliyechimba nyasi kwa fimbo huku mpira ukimwangalia, na ubishi usiokwisha kuhusu nani alishinda mara ya mwisho. Safari hii mmoja wetu aliandika kwa kifupi kwamba mzee wetu wa kanga ametutoka alfajiri, nyumbani kwake Magomeni, na kwamba mazishi ni leo baada ya Alasiri. Niliiweka simu mezani, chai ikapoa, nikalia. Ninasema wazi kwa sababu wasomaji wa safu hii mmenizoea nikiwa na ulimi mkali, na huenda mnadhani mtu wa namna hiyo hana machozi.

Najua tayari kuna mtu anacheka hapo alipo. Kariakoo na gofu, wapi na wapi? Hata mimi nilicheka niliposikia mara ya kwanza. Mambo yalianza pale mfanyabiashara mmoja wa vyombo vya plastiki alipofungua kontena lake kutoka China na kukuta ndani yake seti ya fimbo za gofu ambazo hakuziagiza. Alijaribu kuziuza, hakupata mteja. Alijaribu kuzigawa, watu wakamkimbia. Mwisho akaamua kwenda kuzitumia mwenyewe, akawavuta na majirani zake wa dukani, na kwa kuwa Jumapili maduka mengi hufungwa, Jumapili ikawa siku yetu. Mimi niliambatana nao nikitafuta kichekesho cha kuandika hapa. Nilibaki kwa sababu ya pilau la mchana, na baadaye kwa sababu niliwapenda. Fikiria mwenyewe: huu ni mchezo ambao mwenzako akisimama kupiga, wewe hutakiwi hata kukohoa, halafu wachezaji wenyewe ni watu waliosomesha watoto kwa kupaza sauti mtaani. Nimeona wauza mapazia wazima wakijiziba mdomo kwa mkono, macho yamewatoka, wanasubiri mpira uruke ndipo wapumue.

Walikuwa pia na kanuni yao moja ambayo haimo katika kitabu chochote cha gofu. Waliiita nyongeza. Anayenunua jumla Kariakoo anajua maana yake: ukishalipa, unaomba uongezewe kidogo, na muuzaji mwenye utu hakunyimi. Basi uwanjani kila mchezaji alikuwa na nyongeza yake moja kwa siku. Ukipiga vibaya unawageukia wenzako na kusema, "Jamani, naomba nyongeza," nao wanajibu kwa pamoja, "Chukua!" Unapiga upya, pigo la mwanzo linasahaulika. Lakini ilikuwa lazima uombe. Huwezi kuichukua kimyakimya, na hakuna wa kukuchukulia. Wenzetu wenye glovu nyeupe walikuwa wakitutazama kwa mbali wakitikisa vichwa, na sisi hatukujali hata kidogo.

Mzee wetu wa kanga alikuwa mkubwa kuliko sote. Alianza biashara akiwa kijana, duka lake liko jirani na Mtaa wa Kongo, na kina mama wengi wa mikoa ya kusini walijifunza biashara kwa kubishana naye bei. Alikuwa mtani, mwepesi wa kucheka, na akivaa kofia yake ya kiua na raba nyeupe za gofu alipendeza mno. Kisha presha ya macho ikamwingia. Ilianza kumla pembeni, ikasogea kati, mpaka akawa anakujua kwa sauti kabla ya sura. Watoto wake walifanya kile ambacho watoto wema hufanya. Binti yake mkubwa alishika duka. Mzee akawekewa kiti kizuri mlangoni, chenye mto, na feni yake mwenyewe. Wateja walipita wakimwamkia, "Shikamoo baba," naye akiitikia, "Marahaba," wakaingia ndani kununua kwa wengine. Nilipita pale mara nyingi na kujisemea kwamba mzee huyu amelelewa vizuri. Sikuona kwamba alikuwa anaomboleza.

Siku ninayotaka kuwasimulia ilikuwa mojawapo ya matembezi yetu ya mwisho pamoja naye, katika uwanja wa hapahapa mjini. Nyumbani kwake kulikuwa na maneno tayari kwamba mtu asiyeona hana la kutafuta kwenye gofu, asije akaanguka bure. Yeye alijua, na sisi tulijua kwamba anajua. Kama angecheza vibaya siku ile, ama watoto wangemzuia, ama yeye mwenyewe angekata tamaa na kurudi kwenye kiti chake moja kwa moja. Aliyeumia zaidi kwa hilo alikuwa rafiki yake wa karibu, muuza vipuri vya magari ambaye sote tunamwita Mangi, mtu wa Kilimanjaro mwenye mikono mipana na moyo laini kupita kiasi. Mangi ndiye aliyekuwa akimwelekeza: anamgeuza mabega, anamwambia shimo liko upande gani, kisha anajitoa, na mzee anapiga.

Mapigo ya mwanzo yalikwenda si haba. Tukafika mahali ambapo njia inakunja, na kwenye kona yake kuna mti mkubwa wa mkungu. Mzee akasimama, akapiga, na sote tukasikia: ko! Mpira umegonga shina. Mangi akatangulia mbio kuutafuta, mwili wake wote ukitikisika, akapotea nyuma ya ule mkungu. Kufumba na kufumbua tukamsikia akiita kutoka mahali pengine kabisa.

"Mzee, huu hapa! Umekaa pazuri kweli!"

Mzee alisogea polepole, akiupapasa mkono wangu. "Pazuri wapi?"

"Hapa katikati, majani mafupi. Leo umewaka, mzee wangu."

"Mangi."

"Naam, mzee."

"Macho ndiyo mabovu. Masikio yangu mazima. Mpira umegonga mti, nimesikia, na wewe umesikia."

"Umegonga, ukadunda, ukarudi huku."

"Ukarudi mpaka katikati ya njia? Mpira huo umepanda bodaboda?"

Muuza plastiki alishindwa kujizuia, akacheka. Mimi pia. Mzee hakucheka, na kicheko chetu kikafia njiani.

"Nyongeza anaomba mteja," akasema. "Mimi nimeomba?"

"Hujaomba, mzee."

"Sasa unanipa ya nini?"

Mangi alivua kofia yake, akaanza kuikunja. Alikuwa na sura ya mtu aliyekamatwa akiiba, naye alichoiba ni maumivu ya rafiki yake tu. "Nisamehe, mzee wangu. Nilitaka siku yako iwe nzuri. Basi."

Hapo ndipo mzee alisema maneno ambayo nimeyabeba tangu siku ile. Hakupaza sauti. "Nyumbani wananifanyia hivyo hivyo. Chai nakorogewa, samaki natolewa miba. Dukani nikimtajia mteja bei, mwanangu anamnong'oneza pembeni bei nyingine. Wanadhani sisikii. Mimi nafurahi kwamba nimeuza, kumbe nimebembelezwa. Hapa ndipo nilipobakiza. Hapa nikikosea nakosea mwenyewe. Na ninyi mnataka kuninyang'anya?"

Akaomba apelekwe nyuma ya mkungu. Mangi akaurudisha mpira pale alipoukuta, katikati ya mizizi, mahali ambapo hata mtu mwenye macho mawili mazima angesema liwalo na liwe. Mzee akainama, akaupapasa mpira, akaipapasa na mizizi, akasimama na kupiga. Ko! Mti uleule. Akapiga tena, mpira ukasogea kama hatua ya mtoto. Sisi tumesimama, hatuna hata pa kuweka mikono. Nilitamani aombe ile nyongeza yake, nikamwomba Mungu kimoyomoyo amtie mdomoni neno hilo, naye wala hakuomba. Alipiga na kupiga, jasho linamtoka, mpaka mpira ulipochomoka na kutua kwenye njia, akageuka upande wetu akitabasamu. "Ngapi hizo?" akauliza. Muuza plastiki akamtajia hesabu yote, hakupunguza hata pigo moja, na mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika kama mtu aliyepimiwa sawasawa.

Jioni ile alikuwa wa mwisho katika matokeo, wa mwisho kwa mbali, na alikula pilau kuliko sote.

Nimefikiri sana tangu siku hiyo kuhusu wema wetu. Sisi watu wa mji huu tunawapenda wazee wetu, sitakubali mtu aseme vingine. Tunawajengea, tunawatibu, tunawapeleka Makka na Roma. Lakini tukishaanza kuwapenda kwa namna ile, tunawapokonya kazi moja baada ya nyingine, tena kwa sauti ya upole. Baba acha, nitafanya. Mama kaa tu. Babu usijisumbue. Kila kimoja kwa nafasi yake ni heshima, na vikikusanyika vinamwambia mtu kwamba hahitajiki tena. Na si wazee peke yao. Ofisini kwetu nimeona mtu akirudi kutoka hospitali, anapewa meza safi isiyo na kazi juu yake, wenzake wanamchekea kila anapopita, na ndani ya miezi michache anaomba kustaafu. Wote tunajisifu kwamba tulimhurumia. Hakuna aliyewahi kumuuliza kama huruma ile ilimfaa.

Kariakoo yenyewe inabadilika hivyohivyo. Maduka yamepanda ghorofani, bei zinatumwa kwa simu, mteja wa Mbeya anachagua vitenge akiwa kitandani kwake. Sina ugomvi na hayo. Ila zamani mzee mwenye sauti tu alikuwa na kazi dukani, maana biashara ilikuwa mazungumzo. Leo asipojua kubonyeza, anapewa kiti. Ndiyo maana sishangai kwamba yule mzee aliutafuta uwanja wa gofu, mahali pa ajabu kabisa kwa mtu wa kanga, kwa sababu huko bado kulikuwa na mtu wa kumwambia: zamu yako.

Mangi hakulala na jambo lile. Siku chache baadaye alikwenda dukani, akamwita binti pembeni, akamweleza kila kitu, akianza na kosa lake mwenyewe. Binti alilia, kisha akafanya jambo ambalo mimi naliona kubwa. Aliondoa kile kiti mlangoni. Akamrudisha baba yake nyuma ya meza ya kanga, asubuhi mpaka Adhuhuri, na akawaonya wadogo zake kwamba bei atakayotaja baba ndiyo bei.

Nilipita pale siku chache kabla hajafariki. Alikuwa anabishana na mama mmoja kutoka Lindi, sauti yake inasikika mpaka barabarani, "Mama we, unataka nikafunge duka?" na yule mama anajibu, "Funga, tukalale, lakini nipunguzie!" Mzee akapunguza, akafunga mzigo, akaagana naye kwa baraka tele. Alikuwa amechanganya. Alimpa kanga nzito nzuri kwa bei ya zile nyepesi. Binti yake aliona, nami niliuona mkono wake ukinyanyuka. Kisha akaushusha, akageuka kupanga rafu ambayo ilikuwa imeshapangwa. Mama wa Lindi akaondoka na mzigo wake.

Msibani Magomeni, tulipokuwa tumekaa kwenye mkeka baada ya dua, binti huyo alikuja kunisalimu, nikamkumbusha siku ile. Akaniambia kwamba jioni yake, wakiwa wanakula, baba yake aliuacha mkono sahanini ghafla. Alikuwa amegundua mwenyewe. Binti akajiandaa kwa huzuni. Mzee akaangua kicheko, akacheka mpaka akapaliwa, ikabidi apewe maji. "Yule mama amenipiga bao," akasema. "Nimempa zile nzito! Kesho nitakuwa makini."

Binti aliyasema hayo akicheka na kulia kwa pamoja, na aliniomba niyaandike. Nami ninawaomba ninyi mnaonisoma: mwenye mzee nyumbani, mwenye mgonjwa, mwenye ndugu anayemhurumia, amwachie kitu kimoja ambacho anaweza kukiharibu kwa mikono yake mwenyewe. Hasara yake mtaimudu. Mtu anayeweza kukosea leo ana sababu ya kuitaka kesho, na sisi tunaompenda hatuna zawadi nyingine iliyo kubwa zaidi ya kumpa.