Muuza Gemu Asiye na CD

Mtu anauza mashine ya kuonyesha picha, televisheni anayo, waya umechomekwa ukutani, halafu hana hata CD moja ya kuijaribishia. Kwa nini?

Swali hilo lilinijia siku tuliyofika kwake, nimesimama mlangoni. Ninalosimulia hapa sikuambiwa na mtu. Nilikuwepo, mimi na mama yangu mzazi na mdogo wangu Rashidi, na wote wawili wako hai, wanaweza kunisahihisha. Tena halikutokea usiku. Najua watu wanapenda mambo haya yatokee umeme umekatika na mbwa wanabweka. Hili lilitokea saa nane mchana, jua kali, nyuma ya soko la Nachingwea, na katika ukoo wetu mimi ndiye mtu wa mwisho ambaye angetaka liwe kweli. Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, niko nyumbani likizo. Nilikuwa nabishana mpaka na utabiri wa hali ya hewa wa redioni.

Nianze na CD yenyewe. Baba yetu, mtu wa Matambarale, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mama ni mwalimu. Aliletwa Ruangwa kikazi kutoka Singida, akaolewa, akabaki. Miezi michache kabla ya kifo chake, baba alikwenda Mtua kwenye harusi ya mtoto wa rafiki yake, na huko akapewa kipaza sauti awashukuru wageni. Mama hakwenda, alikuwa anasimamia mitihani. Baada ya arobaini, bwana harusi akatuletea CD ya shughuli ile, moja ya zile VCD ambazo wapiga video wote wa miaka ile walikuwa wanatoa. Hatukuwa na picha nyingine ya baba anayetembea na kusema.

Kwenda kuiangalia kwa jirani mama alikataa. "Nikatoe machozi kwenye kochi la watu?" alisema. Basi CD ikakaa kabatini chini ya vitenge, inangoja siku tutakayonunua mashine ya kuunganisha na televisheni yetu. Mama alitaka kitu kimoja tu: kuisikia sauti ya mumewe ndani ya nyumba yake, mlango umefungwa.

Siku ya kununua ilipokaribia, ubishi ukaanza.

"Gemu ina yote, Dada," Rashidi aliniambia, kwa sababu alijua kwa ubishi hamwezi mama. "Unacheza mpira, unaangalia muvi. Deki ni kama jembe, kazi moja tu."

"Na mimi nataka hiyo kazi moja," mama akajibu kutoka jikoni.

"Mama, nikiweka benchi hapo uani, watoto wa Ruangwa nzima watakuja kucheza kwa hela."

"Watakuja kunikojolea mchicha."

Mimi nilikuwa upande wa deki. Niliamini kitu kinachofanya kazi mbili kitaharibika mara mbili. Tukapanda basi la Nachingwea bila kuafikiana.

Maduka ya deki yalikuwa mawili. Kila muuzaji alikuwa na CD yake ya muziki ya kujaribishia, imechezwa mpaka imechoka, na mteja mjanja huenda na yake, maana deki inaweza kuipenda CD ya muuzaji ikaikataa ya kwako. Sisi yetu ilikuwa ndani ya mkoba wa mama. Lakini kila alipoulizwa, "Mama, una CD tujaribu?" mama aliwatazama vijana waliojazana mlangoni kuangalia bure, akasema hana.

Tulipotoka duka la pili, mtu mmoja akatuita kutoka uchochoroni.

"Mwalimu, njoo ujaribishe huku. Huku hakuna watu."

Nilishtuka, halafu nikajijibu haraka. Kajuaje kuwa ni mwalimu? Mkoba wa mama ulikuwa na vumbi la chaki. Kajuaje kuwa shida yake ni watu? Labda alisimama karibu akamwona anavyositasita. Unaona nilivyokuwa? Kila tundu nilikuwa na kiraka chake.

Alikuwa mtu wa makamo, shati limepigwa pasi, kandambili miguuni, sauti ya chini. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa mafuta ya maganda, kama vya mtu aliyeshinda anabangua korosho. Masika yalikuwa yanaisha, mikorosho ina majani matupu. Nikasema moyoni, labda ana za msimu uliopita.

Alituingiza chumba cha nje cha nyumba ya watu. Ndani mlikuwa na mkeka, televisheni, na juu ya kigoda mashine ya gemu iliyotumika. Rashidi macho yalimtoka. Mimi nikauliza CD ya kujaribishia iko wapi.

"Sina."

"Hata moja?"

"Za nini? Wanaokuja huwa na zao."

Nilifuata waya kwa macho mpaka ukutani. Nilichungulia nyuma ya televisheni, nikainua na mkeka. Hapakuwa na kitu. Niamini, nilikagua.

Mama akatoa CD. Yule mtu akarudisha mikono nyuma, akamwambia aiweke mwenyewe. Picha ikatoka palepale. Turubai la harusi, akina mama wanapiga vigelegele, na baba ndani ya kanzu nyeupe ameshika kipaza sauti. Mama akanishika mkono. Baba akawashukuru wageni kwa sauti safi, imetulia, kama ya mtu aliye chumbani humo. Mimi nilikuwa namwangalia muuzaji. Hakuwa anatazama televisheni. Alikuwa anamtazama mama. Halafu akataja jina, taratibu, kama mtu anayemwita mwenzake asimshtue. Halikuwa jina la baba tulilolijua. Lilikuwa la Kimwera, lugha ya kwao baba, sikuwahi kulisikia, na hapa siliandiki. Sababu utaiona.

Baba, ndani ya kioo, akageuka.

Aliwaacha wageni, akatazama mbele kabisa, akasema, "Mwalimu, mbona umechelewa?"

Siku zote za ndoa yao alimwita mama hivyo. Mwalimu.

Muuzaji akazima. Nami nikaanza kutafuta kiraka: harusini walikuwepo walimu wengine, mmoja alichelewa, akapita nyuma ya kamera, baba akamsemesha. Ungekuwa wewe, usingejiambia hivyo?

"Mashine chukueni," yule mtu akasema. "CD niachieni mpaka kesho niisafishe, ina mikwaruzo. Mwalimu aje kuichukua mwenyewe."

Mama alikuwa ameshaitoa, mkono uko njiani. Nikaidaka.

"CD yetu tunaondoka nayo."

"Binti mgumu huyu," akasema, akacheka kidogo. "Haya. Lakini huko kwenu haitasema."

Ndivyo tulivyonunua gemu. Mama hakutaka tena kusikia habari za deki, na nani angemlaumu? Mashine ile ilikuwa imemsemesha.

Nyumbani, gemu zote zilicheza. Muvi za DVD za Rashidi zilicheza. CD ya harusi ikakataa. Mashine iliizungusha, ikakoroma, ikaandika kwamba haiwezi kuisoma. Tuliipangusa kwa khanga. Tuliisugua kwa dawa ya meno, kama watu walivyokuwa wanafanya. Ikakataa. Nikasema imekwaruzwa kwenye basi.  Kila akitoka shule mama aliiweka, akakaa chini mbele ya kioo, akasubiri. Chakula alikuwa anakigusa tu. Siku moja akaniambia bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniuma, "Tungemwachia."

Shangazi Somoe, dada yake baba, alikuja wiki hiyo kutoka Matambarale. Ni mtu wa mizaha. Alipoikuta ile mashine alituuliza kama inataga. Mama akamsimulia, na alipofika pale pa jina, akalitaja. Shangazi akaweka kikombe chini.

"Wifi, nani kakupa jina hilo?"

"Muuzaji."

"Usilitaje tena. Hilo la kaka yangu alipokuwa mtoto. Waliporudi jandoni alikuwa na jina jipya, lile likabaki kule. Kibanda walicholala kinachomwa moto, nao wanaondoka bila kutazama nyuma. Mtu mzima ukimwita kwa jina la utoto, mtagombana. Aliyekufa ukimwita hivyo..." Akatafuta neno la Kiswahili, hakulipata, akatikisa kichwa. "Utapata wa kugeuka. Lakini nani huyo aliyegeuka?"

"Labda yule mtu aliingia jando moja na baba," nikasema.

"Walioingia naye nawajua wote, mwanangu. Hakuna anayeuza televisheni."

Asubuhi yake mama hakuwepo. Na CD haikuwepo.

Nilimfuata kwa lori la ufuta, roho mkononi. Nilimkuta Nachingwea, amekaa kwenye ngazi ya nyumba ile, mkoba mapajani. Mwenye nyumba, mama mmoja mnene, alikuwa anapepeta mchele, na alifurahi kupata wa kumweleza.

"Yule mpangaji wangu kaondoka siku ileile mlipokuja. Televisheni yenyewe ni yangu, aliazima kwangu. Sijamwona anakula huyo mtu, kazi yake kubangua korosho tu, na sijui anazitoa wapi. Kaacha maneno: mwalimu akirudi na CD, aingie chumbani akae, ajifungie. Atamkuta humo. Nikamwambia, atakukuta vipi na wewe unahama? Akacheka."

Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Ndani hapakuwa na kitu, hata mkeka.

"Mama, ukiingia humo utatoka na nini?"

"Nitakuwa nimemsikia."

"Na ukimwachia CD?"

"Wewe unayejua kila kitu, unipe basi sauti yake. Unayo?"

Sikuwa nayo. Lakini nilikuwa na miguu, na duka la deki lilikuwa upande wa pili wa soko. Nilimwambia anipe saa moja tu, kisha nitaufunga mlango huo mwenyewe kwa nje kama bado anataka. Nadhani alinikubalia kwa uchovu, tukaenda wote. Dukani vijana walikuwa walewale mlangoni. Nilimwambia muuzaji tuna CD yetu, aweke, aongeze sauti.

Ikasoma. Turubai lilelile, vigelegele vilevile. Baba akasimama, akashika kipaza sauti, akakohoa. Akawashukuru wageni, akakohoa. Akamtania bwana harusi kwamba kwa urefu ule atainama kwenye milango ya wakwe maisha yake yote, vijana dukani wakaangua kicheko, baba akakohoa tena mpaka mtu akampa maji, akaketi. Hakugeuka. Hakumwita mtu.

Mama alilia mbele za watu wote, kile alichokuwa anakikimbia mwaka mzima. Kijana mmoja akamsogezea kiti. Akajifuta uso, akasema.

"Huyu ndiye. Mwezi ule alikuwa anaumwa, halali kwa kifua. Yule wa kule chumbani hakukohoa hata mara moja."

Tukanunua deki. Kule kwenye ngazi hatukurudi.

Mama anaiangalia CD ile mpaka leo, akiwa na wageni au peke yake, na kila mara anacheka pale pa milango. Gemu Rashidi aliiwekea benchi uani, watoto wakacheza miaka, mchicha ukafa kama mama alivyosema. Haikufanya jambo jingine lolote la ajabu, na hilo linanikera zaidi. Ingetoa hata moshi ningepata pa kushika. Shangazi kila akija anakaa mbali nayo. Mimi bado nabisha, ila jina lile sijalitamka, na sijaona haja ya kujaribu.

Kwa hiyo nakwambia wewe unayenunua kitu kwa mtu usiyemjua. Ukikuta anauza na hana chake cha kujaribishia, usimtolee cha kwako, hasa kama ndani yake mna mtu wako aliyetangulia. Na akikuonyesha unachokitaka kuliko vyote, bila kikohozi, bila doa, angalia yeye anatazama wapi.

Miaka yote hiyo kiraka changu kilikuwa kimoja, na nilikiona kizuri: CD ilikuwa na mikwaruzo, gemu ni mashine yenye nongwa, deki za Kichina zinasoma hata kifuniko cha sufuria. Nilimwambia hivyo kila aliyeniuliza. Kisha, nimeshaajiriwa, nimeshazeeka kidogo, ofisini tulikuwa tunakumbushana mashine za ujanani, na mwenzangu mmoja akasema kitu kwa kupita tu. Sikumwamini. Nikatafuta mashine kama ile, nikajaribu. Nikatafuta ya pili, na ya tatu, nikasoma na maelekezo yake. Ni kweli. Gemu za aina ile husoma DVD. VCD kama ile yetu ya harusi hazisomi, ziwe mpya au zina mikwaruzo. Hazikutengenezwa kuzisoma, hata moja, tangu kiwandani.