Ivy Pragnell na Sanduku la Chumba Namba 58

Miaka kumi na mitano Ivy Pragnell alihudumia vyumba vya abiria kwenye meli za Southampton na New York, na miaka yote hiyo aliiogopa bahari. Najua kwa sababu nilikuwa mhudumu mwenzake na tulilala chumba kimoja, yeye kitanda cha juu, mimi cha chini, nikimsikia akisali kila meli ilipoanza kwenda mrama. Abiria hawakujua. Walichokiona ni mwanamke mrefu, aproni nyeupe pe, akiingia na chai huku akisema, "Upepo kidogo tu huu, mama. Utatulia."

Mumewe alikuwa mchochea makaa melini, akafa maji wakati wa vita. Mtu asiye wa Northam, mtaa wetu wa Southampton, angeuliza kwa nini mjane wake aliifuata riziki kulekule. Sisi hatukuulizana. Mtaani kwetu kazi ilikuwa melini au bandarini, na bandarini hawakuchukua wanawake.

Januari ya 1926 tulipanda meli iitwayo Valderia. Siku ya tatu tangu tuondoke bandari ya Cherbourg, Ufaransa, tuliamka tukakuta kamba zimefungwa kwenye korido zote ili watu wapate pa kushika. Kwenye chumba cha kulia vitambaa vya meza vililoweshwa maji ili sahani zisiteleze. Zilikuwa sahani chache tu, maana katika abiria mia nne walioamka kula walikuwa tisa.

"Nell, we umeona wapi chai inamkimbia mnywaji?" aliniuliza Cyril Hatcher, mhudumu wa meza, akiwa amelikumbatia birika kama mchumba.

"Mwache Nell," Ivy akamwambia. "Na hilo birika ukilimwaga, utalipangusa kwa ulimi."

Cyril akacheka. Kisha meli ikalala ubavu, vikombe vyote vya kabatini vikaanguka kwa pamoja.

Nahodha alikuwa amepunguza mwendo, omo, mbele ya meli, ameielekeza kwenye upepo. Kila wimbi lilipoinua tezi, yaani nyuma, rafadha zilitoka majini zikazunguka hewani, na meli nzima ikatetemeka kama mgonjwa wa homa. Yapata saa nne asubuhi wimbi moja lilivunja madirisha ya ukumbi wa juu. Nilisikia mlio kama wa mzinga, halafu nikaona maji yakishuka ngazi kwa ngazi, yamebeba mito ya viti na kiatu kimoja cha mwanamke. Korido nzima ikalipuka kwa mayowe.

Katikati ya mayowe hayo Ivy alisikia kitu kingine. Du. Kimya. Du. Kilitoka chumba namba hamsini na nane, cha Bi Lavinia Scholes, mjane wa Oldham aliyekuwa akimfuata bintiye Amerika. Sanduku lake kubwa, lenye pembe za chuma, lilikuwa limekata mkanda. Meli ikilalia kwetu lilikuja kuugonga mlango. Ikilalia upande wa pili lilirudi hadi ukuta wa upande wa bahari. Na ndani, chini, bibi alikuwa akilia.

Nikamwambia Cyril akimbie kumwita seremala na kamba.

"Tungoje," nikamwambia Ivy. "Likikubana hilo, utakufa."

Midomo yake ilikuwa myeupe kuliko aproni. Sanduku likaugonga mlango, likaanza kurudi, naye akausukuma mlango, akaingia.

Nilimwona kupitia ufa wa mlango. Bi Scholes alikuwa sakafuni chini ya beseni la kunawia, mguu umejipinda vibaya. Ivy aliling'oa godoro kitandani, akaliangusha mbele yake na bibi, akaegemea ukuta na kulisimamisha godoro kwa mikono na magoti. Sanduku lilikuja. Lilimbana vidole vya mkono wa kushoto, nikausikia mfupa ukivunjika. Aliendelea kulikandamiza godoro.

Ndipo meli ilipolala kuliko ilivyowahi kulala. Ililala, ikazidi, ikabaki hapohapo. Nilikuwa nimeketi juu ya ukuta wa korido, ukuta umekuwa sakafu. Mayowe yote yalikatika. Nadhani kila mtu ndani ya meli ile alikuwa anangoja jambo moja.

Bi Scholes akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Binti, niambie ukweli. Tunazama?"

"Sijui, mama," Ivy akajibu. "Naogopa. Nimeogopa miaka kumi na mmoja."

"Afadhali umesema. Nilidhani mpumbavu ni mimi peke yangu. Nishike."

Wakashikana. Sijui ilipita muda gani. Kisha chini kabisa, kwenye ngama, tumboni mwa meli, kitu kilikoroma, na Valderia ikaanza kuinuka, polepole, kama mzee anayeinuka kitini.

Seremala alifika na watu wawili, wakalifunga sanduku. Daktari aliufunga mguu wa bibi kwa mbao, na vidole viwili vya Ivy kwa kijiti. Ivy alitapika ndani ya ndoo, halafu akanawa uso na kuingia chumba kilichofuata, kwa sababu mle namo watu walikuwa wanalia.

Dhoruba iliendelea hadi kesho yake alasiri. Tulifika New York tumechelewa siku mbili. Gatini Ivy aliketi juu ya mzigo wa mtu, akasema, "Mimi simo tena. Sipandi."

"Basi utarudi Southampton kwa miguu?" Cyril akamuuliza. Alikusudia mzaha, lakini hakuna aliyecheka. Hapakuwa na njia nyingine ya kwenda nyumbani.

Alipanda. Siku ya kwanza ya kurudi, bahari ikiwa shwari, nilimuuliza kwa nini hakumngoja seremala.

"Nell," alisema, "ningengoja dakika moja zaidi, ningekimbia."

Alisafiri miaka minne mingine, akiogopa kila safari, hadi dada yake alipompatia kazi ya kupiga pasi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Vidole vile havikunyooka tena. Huko alifanya kazi hadi uzeeni, na wenzake kazini walimjua kama mwanamke mpole asiyependa kukaa karibu na mlango. Hawakujua kwamba kila mlango ulipogonga, yeye alilisikia lile sanduku.