Vidonge Mukamwana Alivyoninyima

Katika nyumba yetu ya Kadutu nimeishi na wake wanne wa watoto wangu, na sikusifu hata moja mbele ya watu. Huyu mukamwana wa mwisho nitamusifu.

Iko na hepatite B, ile ya kukaa ndani ya maini miaka na miaka. Walimukuta nayo alipokuwa na mimba. Tangu pale, kila asubuhi saa moja, akisha kuwasha makala ya kupikia, anakunywa kidonge kimoja. Tukienda matanga Mudaka, dawa iko ndani ya sakosi yake ya mukononi. Siku moja munganga wa hospitali alimuambia virusi haionekane tena ndani ya damu. Nikamuambia, "Basi, acha." Akajibu, "Maman, haionekane kwa sababu ninakunywa."

Kisha mudogo wangu wa kike, yule wanaita tantine hapa nyumbani, akatoka Kalehe, macho ya manjano, tumbo inamuuma. Kule walimutoboa kidole, wakamuambia ni hepatite. Dawa hawakumupa. Mimi nikaona kazi ni nyepesi, dawa si iko hapa kwetu? Sisi tunagawana chumvi, tunagawana moto, hata viatu vya kuendea misa. Nikaita mukamwana mbele ya mugeni.

"Gawia tantine vidonge kumi na tano."

"Hapana, maman."

"Unasema nini?"

"Hapana. Nitamupa chakula, nitamupa kitanda yangu. Dawa, hapana."

Mudogo wangu akacheka, cheko ya uchungu. "Yaya, mukubwa wangu, mutoto yako alioa mutu wa duane, wa kuzuia mizigo ya watu mupakani!"

"Munitukane tu, tantine. Mimi, kabla ya kunipa hii, walinipima maini, wakapima figo, wakapima na SIDA, ule ukimwi. Wewe walikupima figo?"

"Figo ya nini? Macho ndiyo manjano!"

"Na mimi nikikosa siku kumi na tano, ugonjwa inaweza kuamuka na hasira. Watoto wangu bado wadogo."

Nilimuita mubaya, mwenye roho nguvu. Bugali yake sikuigusa. Asubuhi yeye alikunywa kidonge yake mbele yetu sote, akafunga mutoto mugongoni, akashika mudogo wangu mukono, wakapanda mulima mupaka hospitali. Mimi nikabaki nikichagua maharagi na kununa.

Walirudi jua ikishuka. Ilikuwa hepatite B kweli, ile ile. Lakini figo za mudogo wangu zilikuwa zimechoka. Munganga alisema ile dawa ya mukamwana, vile anavyoikunywa yeye, ingeweza kuziharibu kabisa. Akamuandikia ingine inayofaa figo zake, na siku ya kurudi kupimwa.

"Aliniuliza kama nilishakunywa dawa ya mutu," mudogo wangu akasema. "Nikamuambia hapana, munganga, nilinyimwa."

Nilingoja mukamwana anitazame kwa lile jicho la kusema si niliwaambia. Hakunitazama. Alikuwa ameketi juu ya kibao, miguu imevimba kwa kungoja siku nzima mbele ya labo, pale wanapima damu, ananyonyesha. Nikamuendea pale.

"Ulifanya muzuri kuninyima."

"Ndiyo, maman."

"Yaya," mudogo wangu akaita kutoka mulangoni, "sema tena, sikusikia muzuri!"

Nilimuletea mukamwana maji ya moto ya kuweka miguu.