Niliyaona Matawi Barabarani, Nikanyamaza

Ndugu wasomaji, nina hatia. Kijijini kwetu wananiita shujaa, na kila wakiniita hivyo natamani ardhi inimeze!

Nimetoka chuo kikuu juzijuzi tu. Mume wa dada yangu, Mkumbo, ni dereva wa lori la kijiji cha ujamaa. Niseme, alikuwa. Yalipotangazwa mashindano ya magari ya kawaida, haya haya ya kwendea sokoni, kutoka Singida mjini hadi Shelui, aliazima gari dogo la mwalimu mkuu, akaniomba nikae pembeni yake nimwangalizie njia.

"Wewe una macho ya kusoma," alisema, "mimi nina mguu wa kukanyaga mafuta."

Mimi ni mwoga, tena mwoga mwenye mawazo mengi. Kila kona nilipiga kelele: polepole, mbuzi! Polepole, shimo! Mbuzi hawakuwepo, na shimo hata kuku angelivuka. Mkumbo alicheka mpaka akapaliwa na vumbi.

"Shemeji, huko chuoni ulisomea woga? Sema polepole tena uone, nakushusha hapo Ulemo utembee!"

Nikaona aibu. Nikaapa moyoni kufunga mdomo.

Tulipoanza kuteremka mlima wa Sekenke, gari lililotutangulia lilikuwa limetuachia vumbi zito. Mkumbo alikazana kulitazama gari hilo. Upande wangu nikaona matawi ya miti yamelazwa barabarani. Mbele kidogo, mengine. Nani asiyejua maana yake? Mbele kuna gari limekwama!

Lakini kichwa changu hiki! Nikaanza: labda ni ya jana, lori limeondoka wakasahau kuyatoa. Labda watoto wamecheza. Nikisema, atanicheka tena. Nikaona majani bado mabichi. Nikajua. Bado nikanyamaza!

Baada ya kona, lori la pamba, limevunjika ekseli. Mkumbo alikanyaga breki kwa nguvu zake zote. Upande wake ndio uliogonga.

Nilimvuta nje kwa mikono hii. Ushujaa wangu ndio huo. Hospitali walimkata mguu wa kulia, juu ya goti.

Alipozinduka aliniuliza, dada amekaa hapo hapo kitandani, "Shemeji, kulikuwa na alama yoyote?"

"Vumbi, shemeji. Sikuona kitu."

Akanipigapiga mkono. "Hata mimi. Usijilaumu."

Dada akanichinjia jogoo! Nilimeza nyama ile kama mawe.

Sasa lori la kijiji linaendeshwa na mwingine. Likipita, Mkumbo huinua shingo pale barazani: "Hapo angeshusha gia." Kisha anajitazama. Nikitaka kumwambia, naanza tena kuwaza. Nimwambie, mguu utaota? Nisimwambie, nitaishije?

Na kila mgeni anayekuja kumpa pole, Mkumbo humwambia hivi, tena akicheka: "Palikuwa hapana alama. Ingekuwepo, shemeji yangu angepiga kelele. Huyu huona hata mbuzi wasiokuwepo!"

Wageni wanacheka. Mimi natoka nje.

Enyi wenzangu mnaopima neno mara kumi, nawasihi! Ukiona tawi barabarani, paza sauti kwanza, uwaze baadaye. Wakucheke, wakushushe! Laiti mimi ningeshushwa Ulemo siku ile nikatembea. Leo tungekuwa tunatembea wote wawili.