Jina la Pono Nililompachika Bakari

Nikianza kukisimulia kisa hiki mke wangu huinuka barazani akaingia ndani, maana anasema mtu mzima hajivui nguo mwenyewe mbele za watu, lakini leo acha nijivue, aibu yenyewe nimekaa nayo tangu ile miaka ya dhiki, sukari kwa kibali, sabuni kwa foleni, nami kijana wa Kibondei kutoka Muheza nimekuja Tanga mjini kufanya kazi kiwanda cha kamba, nina mdomo usio na breki.

Nilipanga chumba kwa Bi Time, mjane wa Kipemba, aliyeishi na bintiye Asha na mdogo wake yeye Bi Time, Bakari, mvuvi. Huyu Bakari ukimkuta mchana kalala: mkekani kalala, kitini kalala, hata msikitini akingoja hotuba ya Ijumaa (na si mara moja). Sasa pwani yetu hii kuna samaki tunamwita pono, yule wa kijani na buluu mwenye mdomo kama wa kasuku, na wavuvi husema hulala fofofo kwenye matumbawe mpaka ukamtoa kwa mkono. Ndiyo maana mtu akizidi usingizi huambiwa kalala kama pono. Huambiwa siku hiyo, watu wakacheka, yakaisha. Mimi nikaligeuza jina. "Pono kaamka?" "Pono yuko wapi leo?" Haukupita mwezi mtaa mzima unamwita hivyo, hata watoto.

Asha akaposwa. Bi Time akahangaika ofisi hii na ile mpaka akapata kibali cha sukari, maana wageni wanavuka kutoka Pemba na harusi bila chai, bila halua, bila kaimati, si harusi, ni fedheha. Sukari ilikuwa igawiwe ghalani Alhamisi, harusi Jumamosi. Bi Time akasema Bakari ndiye atakayekwenda. Nami nimo uani, kina mama wamejaa wanachambua mchele, nikaona nisiiache nafasi.

"Bi Time, sukari ya harusi unamtuma pono?"

Walicheka mpaka ungo mmoja ukamwagika. Bakari naye alicheka kidogo, akatazama chini. Bi Time akanigeukia: "Haya, nenda wewe basi, mwanangu, wewe uliye macho."

Alhamisi hiyo nimetoka zamu ya usiku, sijalala hata lepe. Bi Time akanitengea mihogo, na kwenye sahani ya pili pono wa kukaanga, kisha akaiondoa ile sahani. Kwake mtu mwenye safari au shughuli halishwi pono, asije akaambukizwa usingizi wake. Mimi (msomi wa darasa la saba!) nikaivuta, nikasema hayo mambo ya kizamani, nikamla mpaka kichwa. Simsingizii samaki, usingizi ulikuwa wangu, lakini hebu fikirini mtu anavyojitafutia.

Ghalani foleni ndefu, jua kali, mwenye kibali anaitwa mara tatu, asipoitika anaitwa mwingine. Nikaona gunia tupu kivulini, nikasema nikae kidogo tu, miguu ipumzike. Nilichosikia baada ya hapo ni fagio la mlinzi mguuni mwangu.

"Bwana, tunafunga."

"Sukari?"

"Imekwisha. Bi Time binti Hamadi ameitwa hapa mpaka karani kakauka koo, na wewe unakoroma."

Na kweli, wapo walionijua katika ile foleni, lakini nani angeniamsha, wakati wa dhiki aliyelala ni neema kwa aliye nyuma yake. Walikuwa wamefika mtaani kabla yangu. Nilipoingia uani na kikapu kitupu hakucheka mtu, na heri wangecheka. Bi Time alisema tu, "Ndiyo kudura, mwanangu," akaingia chumbani, nikamsikia analia. Nilitamani ardhi inimeze.

Bakari akaamka, akavaa shati, akaniuliza kwa upole: "Yule mjomba wako Muheza, bado anakamua miwa?" Akaondoka saa ileile. Ijumaa jioni karudi na makapu mawili ya sukari guru, ameyaomba kwa watu wangu mimi. Chai ya harusi ilitoka nyeusi, wageni wakaisifu.

Nikamfuata kumwomba radhi. Akasema: "Sina kinyongo. Lakini usiku mimi navua, ndugu yangu. Ulitaka nilale saa ngapi?"

Miaka miwili namjua, sikuwahi kujiuliza. Mimi zamu moja tu ilinilaza juu ya gunia, yeye kila siku anatoka baharini alfajiri na mimi namcheka.

Mtaa uliniita pono wiki chache, kisha ukachoka. Yeye lilimganda. Alipofariki, mwaka jana, lilitangazwa msikitini jina la Bakari bin Hamadi, watu wakawa wanatazamana, nani huyo? Mpaka mtangazaji akainama kwenye kipaza sauti, akaongeza, "Bakari Pono." Hapo ndipo watu wakainuka kwenda kumzika.

Nilikuwa safu ya pili. Mwanawe mkubwa alikuwa mbele yangu, kanipa ubavu, na lilipotajwa lile jina la pono nilimwona anafumba macho. Tangu siku hiyo sijampachika mtu jina, hata kwa mzaha, na sitampachika tena mpaka naingia kaburini.